Bawa Lililopakwa Nta

Ninyi vijana mnaonijia hapa Chemchem kuniuliza habari za gundi, jibu langu mmelizoea. Chukueni vipande viwili vya ubao msiouhitaji, viunganisheni, subirini vikauke, kisha vivunjeni. Vikiachana palepale mlipopaka gundi, safi kama karanga na ganda lake, basi hamkuunganisha kitu. Mti wenyewe ukichanika na nyuzi zake zikang'oka, hapo mna kiungo. Najua mnanicheka nikigeuka, mnasema mzee huyu anapoteza mbao. Sijafika hata umri wa kuitwa mzee. Ni vumbi la mbao lililokaa kifuani, daktari akanikataza karakana. Kwa kuwa sasa kazi yangu ni kukaa kwenye kiti na kuwatazama, nitawaeleza jambo hili nililipata wapi. Halikupatikana kwa raha.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Feruzi, seremala wa mjini hapa, Mwislamu ambaye milango yake ya mninga bado inafungwa na kufunguliwa katika nyumba nyingi za Tabora. Mimi ni mtoto wa wakulima Wamoravian. Nilijifunza kushika msumeno misheni, na nilipofika kwake nilidhani najua kazi. Siku ya kwanza alinipa ubao nipige randa. Nilipomaliza aliugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaniambia upande wa kushoto unanung'unika. Nilidhani ni mzaha. Nikapima, nikakuta upande wa kushoto umeachwa mnene. Tangu siku hiyo nagonga ubao kabla ya kuupima, na ninyi mnanicheka kwa hilo pia.

Mzee Feruzi hakuamini gundi wala misumari. Viungo vyake vilikuwa ulimi na tundu, kisha kijiti cha kukaza, na juu ya yote hayo, nta. Nta ya nyuki wa porini, iliyoletwa na wale wanaotundika mizinga miomboni. Donge lake lilikaa mfukoni daima. Kila kipande alichokimaliza, kabla hajakiunga na kingine, alikipitishia nta, akapasha kitambaa moto, akaisugua mpaka ikazama. Mnajua kiangazi cha hapa kinavyopasua mbao, na masika yanavyozivimbisha, na mchwa hawana likizo. Nta ilizuia yote hayo, tena ilikifanya kijiti kiteleze na kukaza vizuri. Fundi asiyepaka nta, alikuwa akisema, ameacha mtoto uchi. Hakuifikiria kama hatua ya kazi. Mkono wake uliifanya kama mwingine anavyosema Bismillahi kabla ya kula.

Mtoto wake mwenyewe alikuwa mmoja tu, Zuhura, aliyeolewa kijiji cha Choma, mbele ya Nzega, na Ramadhani, mkulima mwenye ng'ombe. Mimba ya kwanza ya Zuhura iliishia katika uchungu mrefu, mtoto akafa. Aliletwa hapa hospitali akiwa nusu ya mtu, na daktari akawaambia wazi kwamba hawezi kuzaa kwa njia ya kawaida. Akishika mimba tena, lazima uchungu umkute Tabora, apasuliwe. Baba yake alinieleza hayo mara moja tu, akinoa patasi, na hakuyarudia. Lakini nilimwona akisimama kila lori la kutoka Nzega lilipopita.

Sasa niwaeleze habari za ndege.

Karibu na stesheni aliishi mpima ardhi Mzungu ambaye mji mzima ulimwita Bwana Kamba, kwa sababu ya kamba ya kupimia iliyokuwa begani mwake siku zote. Alikuwa amejifunza kurusha ndege vitani. Baada ya vita aliagiza ndege Ulaya, nayo ikaja kwa treni ikiwa vipande ndani ya makasha: mbao nyembamba nyeupe zisizo na uzito, shuka ndefu za kitani, makopo, injini iliyofungwa kama maiti, na michoro. Unajijengea mwenyewe nyumbani. Watu walikwenda stesheni kutazama, wakarudi wakisema Mzungu ameletewa kuni.

Alimtaka Mzee Feruzi amtengenezee mabawa. Mzee alikataa kwa adabu. Alisema yeye hutengeneza vitu vinavyokaa chini.

Kilichombadilisha ni salamu kutoka Choma. Zuhura alikuwa mjamzito, na hesabu ya wanawake iliangukia katikati ya masika. Masika ya siku hizo, barabara kutoka Nzega kwenda Choma ilikuwa jina tu. Mbuga yote hujaa maji, na lori likiingia hukaa humo mpaka kiangazi. Ungesema basi aje mapema, akae kwa baba yake. Tulisema hivyo sote. Lakini mama mkwe wake alikuwa kipofu na mgonjwa, nyumba nzima ilimtegemea Zuhura, na wakwe hawakutaka akae miezi mbali. Kila mtu alikuwa na sababu yake, na hakuna hata moja iliyokuwa mbaya.

Bwana Kamba alipopata habari hizo alikuja mwenyewe karakana. Alikuwa amejifunza kumwamkia Mzee shikamoo, jambo lililowachekesha sana mafundi wa jirani. Alisema ndege ina viti viwili. Alisema pale Choma anajua mwinuko mkavu wa malisho, aliupima mwenyewe, maji hayafiki hata mvua ikinyesha vipi. Mzee akimmalizia mabawa kabla ya mvua kubwa, mtu wa kwanza kupanda naye atakuwa Zuhura.

Kesho yake asubuhi Mzee Feruzi alifika kwa Bwana Kamba na sanduku lake la zana kichwani, na mimi nyuma yake.

Tulianza katikati ya kiangazi. Mimi nilijenga kiwiliwili barazani. Kwa kuwa Kiingereza nilikuwa nimejifundisha kwa kamusi, nilisoma na michoro pia, neno kwa neno, nikiwa sijui nusu ya yale niliyoyasoma. Mzee alijenga mabawa sebuleni, maana palikuwa na nafasi na kivuli. Bawa la ndege, kama hamjaliona likiwa tupu, lina mti mrefu unaopita kutoka bega hadi ncha, na juu yake zimepangwa mbavu, kila ubavu umeungwa kwa vijiti vyembamba kama vya kiberiti kikubwa. Hakuna ulimi na tundu. Vijiti hivyo ni vyembamba mno kutobolewa. Kila kitu hushikwa na gundi.

Gundi yenyewe ilikuwa unga uliotengenezwa kwa maziwa yaliyoganda. Unaukoroga na maji, unautumia kabla haujawa jiwe. Ilinuka mtindi, na paka wa Bwana Kamba hakubanduka sebuleni. Mzee aliionja kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema Wazungu hawa hawana huruma, hata mabawa ya ndege wanayakamua kwa ng'ombe.

Mji ulipata mahali pa kwenda jioni. Wanawake waliotoka kisimani walisimama dirishani kumtania. Mmoja, jirani yake wa siku nyingi aliyeitwa Mama Hidaya, hakukosa hata siku moja.

"Mzee Feruzi, ukishapaa usipite juu ya uwanja wangu. Nimeanika mtama."

"Nitapita juu ya mume wako, yeye hajaanikwa," akajibu bila kuinua kichwa.

"Na hilo refu ni jeneza la nani?"

Hapo Mzee aliinamia kazi. Alisugua tu.

Ndiyo, alisugua. Aliondoa vumbi na mafuta kama michoro ilivyoagiza, kwa uangalifu ambao sijauona tena kwa fundi mwingine, kisha akatoa donge mfukoni akapaka nta. Kila kijiti, kila upande, na ule mti mrefu kuanzia bega hadi ncha. Kisha ndipo akatia gundi. Alikuwa hajawahi maishani mwake kutegemea gundi, na mkono ulifanya ulichozoea kabla akili haijaulizwa. Bwana Kamba alirudi kila jioni, akashika mbavu zile zinazometa, akasema hajaona kazi nzuri kama hiyo hata kwao. Mimi nilikuwa barazani nikipambana na nyaya za usukani. Sote tulimwona akipaka, kwa maana ile ambayo mtu humwona mwenzake akipumua.

Huko Choma, Zuhura alikwisha kuwaambia wakwe zake wasiwe na wasiwasi. Baba yake anatengeneza ndege. Atakaa na mama mkwe mpaka wiki ya mwisho, kisha atapita juu ya maji.

Mwaka huo mvua ziliwahi, na mbuga zilikuwa zimeanza kujaa tulipotoa bawa la kwanza nje ili livishwe kitani. Halikupita mlangoni. Chekeni, na sisi tulicheka. Mafundi watatu wenye futi tatu na kamba ya serikali, na hakuna aliyepima mlango. Tukabomoa dirisha. Tulipokuwa tunalipitisha, ubavu mmoja uligusa ukuta, kugusa tu, ukadondoka. Bwana Kamba akauokota. Akautazama pale ulipoachia, kisha akashika ubavu wa pili kwa vidole viwili akausukuma kidogo. Nao ukatoka. Pale ulipokuwa umeshikwa palikuwa laini, pakimeta, na utando wa gundi umebaki mzima kama ngozi ya nyoka.

"Fundi," akasema, "hapa ulipaka nini?"

"Nta."

"Hapa tu?"

"Kila mahali, Bwana. Sikuacha pengo." Alilisema kama mtu anayejitetea dhidi ya uvivu. Kisha akautazama uso wa Bwana Kamba, akautazama ule ubavu, akapitisha kidole gumba pale palipometa. Nilimwona akielewa. Sitaki kuwaeleza zaidi ya hapo uso wake ulivyokuwa.

Bwana Kamba alikaa juu ya matofali ya dirisha. Hakufoka. Alisema, "Mimi niliona inameta. Nikaisifu."

"Kuna dawa?" akasema Mzee.

Hakukuwa na dawa. Gundi haishiki juu ya nta, na nta ilikuwa imezama ndani ya miti ile laini; makopo ya gundi nayo yalikuwa yamekwisha. Mbao nyingine na gundi nyingine zingepanda meli, kisha treni, na zingefika mvua ikiwa imekwisha.

"Na Zuhura?" Mzee akauliza.

Bwana Kamba akainuka, akachukua kofia yake.

Siku ileile Bwana Kamba alitafuta lori limfuate. Lilikwenda, likarudi na tope hadi kwenye vioo. Baada ya Nzega hapakuwa na barabara, kulikuwa na maji. Dereva alileta salamu alizopewa na mtu aliyevuka kwa miguu, kwamba Zuhura ameanza kusikia maumivu ya hapa na pale, kabla ya wakati.

Mzee Feruzi aliingia sebuleni, akang'oa mbavu zote zilizobaki kwa mikono. Haikumchukua nguvu. Ukabaki ule mti mrefu. Akaufunga kwenye jiriwa, akachukua randa, akaanza kuondoa pembe zake. Nilimuuliza anatengeneza nini.

"Kama hauwezi kupaa, utatembea."

Alikuwa anatengeneza machela. Wazee wenu wanazijua. Ni mti mmoja mrefu, kitambaa kimening'inizwa chini yake, mgonjwa ndani, na watu wanaupokezana mabegani. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe na vitambaa kwenda pwani na kurudi, na waliwabeba Wazungu wavivu kwa machela njia hiihii. Mzee aliuviringisha mti mpaka ukakaa begani vizuri, akakata kile kitani cha mabawa, akakifunga kwa kamba za ngozi, mafundo matupu, bila gundi. Ilikuwa machela nyepesi kuliko zote nilizowahi kuona. Mkono wake uliingia mfukoni kwa mazoea ukatoka na donge la nta. Akalitazama, akaenda akalitupa shimoni.

Tulikwenda kwa lori mpaka linapofika, kisha kwa miguu. Mzee, mimi, Bwana Kamba, na vijana wenye nguvu tuliowapata Nzega. Maji ya mbuga yalikuwa ya magoti, mahali pengine ya kiuno, na chini ni ule udongo mweusi unaokuvua viatu. Katika kijiji kimoja mzee mmoja alisimama mlangoni akamwona Bwana Kamba na mti wa machela begani. Akaita watu wa nyumbani mwake waje waone. Leo machela imegeuka, akasema, leo Mzungu ndiye mpagazi. Bwana Kamba akamjibu kwamba yeye pia alistahili zamu. Vijana wakacheka, na kwa muda mzigo ukawa mwepesi.

Tulimkuta Zuhura amechoka sana. Wakunga walikuwa wamefanya yote wanayoyajua. Ramadhani alimsaidia baba mkwe wake kumlaza ndani ya kitani, akashika mti mbele, na tukageuka palepale.

Nilibeba upande wa nyuma, karibu na kichwa cha Zuhura, kwa hiyo nilisikia. Tulikuwa katikati ya maji. Mzee alitembea kando, ameshika ukingo wa kitambaa usiguse maji.

"Baba, ndiyo ndege yenyewe?"

"Ndiyo hii, mwanangu."

"Mbona inakwenda polepole?"

"Rubani wake mzee. Mvumilie."

Alitabasamu, nadhani. Alimwambia kitambaa chake kizuri, laini. Kisha akafumba macho, na kabla hatujaona paa za Nzega Mzee akatuambia tushushe. Tulimaliza njia tukiwa tunambeba pamoja na mtoto aliyekuwa hajatoka. Watu wa msikiti wa Nzega walitupokea, wakamzika siku hiyohiyo. Mimi na Bwana Kamba tulisimama pembeni ya makaburi na kofia mkononi. Ramadhani alimshika Mzee mkono akamwambia, "Baba, ulikuja." Mzee alilihitaji neno hilo.

Gundi na mbao zilikuja mwisho wa masika, kama zilivyotarajiwa. Mzee Feruzi alikwenda kwa Bwana Kamba, akanawa mikono kwa majivu na sabuni hadi viwikoni, akakaa sebuleni kujenga upya. Hapo ndipo alipoanza kuvunja. Aliunga vijiti, akasubiri, akavunja, akanionyesha. Aliunga, akasubiri, akavunja. Jamaa walimwona kama amerukwa na akili. Mama Hidaya alikuja dirishani, akasimama kidogo, akaweka sahani ya viazi kwenye kizingiti kipya cha dirisha, akaondoka bila mzaha. Lakini Bwana Kamba alihamishwa kusini kabla ya bawa la pili. Aliuza injini. Kiwiliwili nilichokijenga kilibaki barazani, na mchwa wakakimaliza, maana hakikuwa na nta.

Leo mna gundi za kopo ambazo zingeshika hata maji, na mashine za randa zinazofanya kazi ya juma kwa asubuhi moja. Sizichukii. Lakini mkono wenu nao una mazoea yake, na mazoea mazuri ndiyo yasiyoulizwa. Mkiingia katika kazi mpya, uulizeni mkono wenu umebeba nini mfukoni.

Machela ile Mzee aliileta karakana, tukaitundika darini. Watu wa Chemchem walijua iko, wakawa wanakuja kuiomba, kwa mama mwenye uchungu, kwa mzee aliyeanguka. Wengi uliowabeba mti ule walifika hospitali. Mzee hakukataa hata mara moja, na kila uliporudishwa aliufuta matope mwenyewe. Rangi yake sasa ni nyeusi kwa jasho la mabega.

Miaka mingi baadaye alipoanguka yeye, tuliishusha. Nilikuwa mbele, na vijana wa karakana nyuma. Tulipomlaza alinyanyua mkono, akapitisha kidole gumba kwenye mti juu ya uso wake, taratibu, kadiri mkono wake ulivyofika, kisha akakinusa.

"Hakuna aliyepaka," akasema.

"Hakuna, Mzee."

"Vizuri. Twendeni."